Tairi likipata moto, nipunguze upepo?

SWALI: Naendesha lori la mizigo. Asubuhi najaza psi 100 kila tairi, kama mtengenezaji alivyoelekeza. Baada ya mwendo wa saa tatu nikipima nakuta 118. Madereva wenzangu wanasema nipunguze hadi 100 kabla halijapasuka. Ni kweli?

JIBU: Usipunguze hata kidogo. Ushauri huu nausikia kila mara, na unaharibu matairi mazima.

Hiyo 100 ni kipimo cha tairi lililopoa. Barabarani hewa hupata joto na presha hupanda. Psi 10 hadi 20 za ziada ni jambo la kawaida, na tairi limeundwa kuzistahimili. Ukizitoa hizo 18, kesho asubuhi tairi likishapoa utakuta kama 85. Na madhara hayangoji kesho. Mzigo ni uleule, mwendo uleule, upepo umepungua: ubavu unajikunja zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakoleta moto. Mnaukimbia moto huku mnauongeza.

Linganisha matairi yenyewe kwa yenyewe. Yote yakiwa karibu na 118, endelea na safari. Moja likiwa juu sana ilhali asubuhi yalilingana, kuna kitu kinalichemsha: labda breki inashika, labda mzigo umelalia upande huo. Tafuta chanzo, vali uiache.

Na nyundo wekeni chini. Kugonga tairi kutakuonyesha lililokwisha upepo kabisa, basi. La 100 na la 75 sikio haliwezi kuyatofautisha. Tumia geji, na yale pacha ya nyuma pima hata la upande wa ndani, ambalo wengi hulipita kwa sababu vali yake inasumbua kufikia. Likipungua upepo, mwenzake ndiye anayebeba mzigo wa mawili.

Kinachonikasirisha kuliko vyote ni mafundi wa kujaza haraka haraka. Tairi lililotembea na mzigo likiwa chini ya asilimia 80 ya kipimo chake, kwa lako ni psi 80, lihesabu kama pancha hata kama kwa macho linaonekana zima. Nyaya za chuma za ubavuni huenda zimeshachoka. Ukilijaza hapo hapo zinaanza kukatika, wa kwanza, wa pili, kisha ubavu wote unafunguka kama zipu, kwa nguvu ya kuua mtu aliyechuchumaa mbele yake. Linaweza kupasuka hata dakika kadhaa baada ya kujazwa. Lazima livuliwe kwenye rimu, likaguliwe ndani kwa mkono na kwa macho, kisha lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kibanio, fundi akiwa amesimama pembeni.

Fundi akikwambia hayo yote ni kupoteza muda, mkatalie. Funga spea uondoke.