Maswali ya Wasomaji: Hivi vita vinaanzaje kama hamna anayevitaka?

Safari hii mmeniuliza sana kuhusu vita na amani. Nimechukua maswali manne, na la mwisho nimelijibu kwa kirefu kwa sababu kiukweli ndo linaloninyima usingizi.

Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza chuo, nasoma uhusiano wa kimataifa. Mwalimu kasema nchi mbili zinaweza kupigana hata kama hamna hata moja inayotaka vita. Sijaelewa kabisa, inawezekanaje?

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na ukilishika hili utaona mambo mengine yanafunguka yenyewe. Anza hapa: mtu akikuvamia nyumbani unaita polisi, nchi ikivamiwa inamwita nani? Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipo, sawa, lakini wanachama wake watano wa kudumu kila mmoja ana kura ya turufu, yaani peke yake anaweza kuzuia uamuzi, kwa hiyo ukigombana na mmoja wao au rafiki yake umekwisha. Ndo maana kila nchi inajilinda yenyewe. Sasa jirani yako ananunua vifaru, anasema ni vya kujilinda, na huenda anasema kweli tupu, ila kifaru cha kujilinda na cha kushambulia ni kilekile, moyoni mwake huwezi kuingia, na hata ukimwamini yeye hujui kesho atakaa nani kwenye kile kiti. Basi na wewe unanunua. Yeye akiona umenunua anasema si mnaona, niliwaambia mimi, anaongeza vingine. Hapo hamna mwovu, kuna waoga wawili na wote wana sababu ya kuogopa.

Msomi wa siasa John Herz ndo aliyelipa jambo hili jina lake mwaka 1950, kwa Kiswahili tunasema mtanziko wa usalama. Lakini lenyewe ni la zamani sana. Thucydides, Mgiriki aliyeandika vita vya Athens na Sparta vilivyoanza mwaka 431 KK, alisema chanzo hasa ni kukua kwa nguvu za Athens na hofu iliyowaingia Sparta. Hofu, mdogo wangu. Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba wavamizi hawapo, wapo, Hitler alivitaka vita na akavipata, nadharia hii haimsafishi mtu. Inachofanya ni kukuonyesha kwamba hata ukiwaondoa akina Hitler wote duniani, bado vita vingine vitabaki.

Vita vingi vinaishia mezani. Sasa kwa nini wasikae mezani tangu mwanzo, kabla watu hawajafa?

Hili swali zuri mno, na msomi wa siasa James Fearon alilifanyia kazi kweli mwaka 1995. Hoja yake ni kwamba vita vinaunguza watu, pesa na mali za pande zote mbili, kwa hiyo siku zote kuna makubaliano fulani ambayo yangewafaa wote kuliko kupigana. Mbona hawayafikii? Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, kila mmoja anajua nguvu zake na anamficha mwenzake, au anajitutumua ili apewe zaidi. Ya pili, hata wakikubaliana leo, hamna wa kuhakikisha kwamba mwenye nguvu kesho hatageuka. (Kuna ya tatu, vitu ambavyo watu wanasema havigawanyiki kama mji mtakatifu, ila Fearon mwenyewe hakuipa uzito sana na mimi naona hakukosea.)

Hiyo ya kwanza angalia Oktoba 27, 1962. Wasovieti wameshaweka makombora ya nyuklia Cuba, meli za Marekani zimezingira. Chini ya maji kuna nyambizi ya Kisovieti, B-59, joto kali ndani, hewa nzito, betri zinaisha, mawasiliano na Moscow hamna. Wamarekani wakaanza kuangusha vilipuzi vidogo kuilazimisha ipande juu, kwao ilikuwa ishara tu. Wasichokijua ni kwamba nyambizi ile imebeba torpedo, yaani kombora la chini ya maji, yenye kichwa cha nyuklia. Na waliomo ndani nao hawajui kama huko juu vita vimeanza au bado. Inavyosimuliwa na waliokuwemo, nahodha alitaka torpedo iandaliwe, na ofisa aliyekuwa naye, Vasili Arkhipov, akamtuliza, wakapanda juu. Kila nikisoma habari hii najiuliza ingekuwaje kama Arkhipov angepangiwa nyambizi nyingine siku ile, maana zilikuwa nne. Angalia pia walivyojifunza: Juni 1963 Washington na Moscow zikakubaliana kuweka laini ya mawasiliano ya moja kwa moja. Ilikuwa mashine ya kutuma maandishi, sio simu nyekundu kama watu wanavyodhani.

Je, ni kweli nchi za kidemokrasia hazipigani? Na amani ni kutokuwepo kwa vita tu?

Zenyewe kwa zenyewe ni nadra sana kupigana vita kamili, hilo wasomi wengi wanakubali, ingawa kwa nini hasa bado wanabishana. Mzizi wa wazo ni mwanafalsafa Mjerumani Kant, mwaka 1795: wananchi wakiulizwa kabla ya vita watasita, kwa sababu damu ni yao na kodi ni yao. Lakini demokrasia zinapigana sana na nchi zisizo za kidemokrasia, Marekani na Uingereza kuingia Iraki mwaka 2003 ni mfano tosha. Swali la pili, mtafiti wa amani Johan Galtung wa Norway alishajibu mwaka 1969: bunduki zikinyamaza hiyo ni amani hasi, amani chanya inakuja pale mfumo wenyewe unapoacha kuumiza watu, maana mtoto anayekufa kwa ugonjwa unaotibika naye ameuawa na kitu.

Mimi nilishaacha kuamini mikataba ya amani. Wanasaini, wanapeana mikono, wanapigwa picha, baada ya muda risasi tena. Inakuwaje?

Ndugu yangu, nakuelewa, ila usikate tamaa yote. Fikiria wewe ni kamanda wa waasi. Umesaini. Sasa unaambiwa weka silaha chini. Serikali ina jeshi, ina polisi, ina magereza, na wewe ukishaziweka silaha una nini? Karatasi. Msomi wa siasa Barbara Walter amelieleza hili vizuri: kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe shida sio kufikia makubaliano, shida ni ile siku ya kusalimisha bunduki, na bila mtu wa tatu mwenye nguvu kusimama katikati watu wanaogopa na wanarudi porini.

Weka Angola na Msumbiji pamoja uone. Angola, serikali na waasi wa UNITA walisaini amani mjini Bicesse, Ureno, Mei 1991. Umoja wa Mataifa ukapeleka waangalizi wa kijeshi 350 hivi, kwa nchi ambayo Ufaransa na Ujerumani ukiziunganisha bado ni kubwa kuliko zote mbili! Uchaguzi ukafanyika Septemba 1992 wakati majeshi mawili bado yapo na silaha zake. Rais Dos Santos akaongoza ila hakufika nusu ya kura, Savimbi, kiongozi wa UNITA, akasema ameibiwa, na mwisho wa Oktoba mapigano yakalipuka Luanda, makamu wa Savimbi, Jeremias Chitunda, akauawa palepale. Duru ya pili haikufanyika. Vita vikaendelea mpaka Savimbi alipouawa Februari 2002.

Msumbiji, serikali na waasi wa RENAMO walisaini Roma, Oktoba 4, 1992, siku chache tu baada ya kura ya Angola. Umoja wa Mataifa ukaona yanayotokea kule, ukabadilisha mpango. Safari hii walikuja wanajeshi wa kulinda amani zaidi ya 6,000, uchaguzi ukasogezwa mpaka 1994 ili silaha zikusanywe kwanza, na RENAMO wakapewa mfuko wa pesa wa kujigeuza chama cha siasa, maana mtu huwezi kumwambia atoke msituni halafu hana hata ofisi. Usiku wa kuamkia uchaguzi Dhlakama, kiongozi wa RENAMO, akatangaza anasusia. Wakambembeleza, wakambana, akarudi, na siku ya kupiga kura ikaongezwa.

Na hata huko haikuisha moja kwa moja. RENAMO walibaki na watu wenye silaha, mapigano yakarudi 2013, wakasaini tena Agosti 2019, na kambi yao ya mwisho, kule Gorongosa, ilifungwa Juni 2023. Toka Roma mpaka hapo ni miaka 30 na ushee.