Maghorofa kwenye mapakingi ya moli

SWALI: Habari kaka, mwanangu yuko Virginia kule Marekani anasema Tysons, sehemu ya moli na mapakingi tu, wanajenga maghorofa watu waishi. Huku Njiro tukiiga si tutakosa maji kabisa? Mama Neema, Arusha

JIBU: Nzuri mama. Moli ya Tysons ilifunguliwa 1968, watu wanakuja na magari, wananunua, wanaenda kulala kwingine, kuvuka barabara kwa mguu ni shughuli. Mwaka 2010 kaunti ya Fairfax ikapitisha mpango mpya, 2014 treni ikafika na stesheni 4, ndo maghorofa marefu yakaelekezwa karibu na stesheni, lengo wakazi laki moja ifikapo 2050. Na mwenye kiwanja akitaka kwenda juu anachangia barabara na sehemu za wazi, hilo ndo nimelipenda mno!

Hofu yako ni ya kweli mama. Huku daladala zetu tunapanda tumeinama, na zile ndoo za njano zinazopangwa foleni bombani alfajiri kila mtu anazijua, sasa juu yake uweke ghorofa kumi? Mkutano wa mtaa ukiitwa nenda, ulizia bomba na majitaka kabla ya kibali.