Kifaa kinaonekana, kisha kinatoweka

SWALI: Shikamoo mama. Mjomba wangu anafuga sato kwenye vizimba huku Luchelele, nami nimemtengenezea kifaa cha kupima oksijeni na joto la maji. Ndani nimeweka bodi ya bei nafuu ya aina ya Arduino, inaingia kwenye laptopu kwa USB. Kwa rafiki yangu mwenye Windows inasoma vizuri. Kwangu, Ubuntu 22.04 (aina ya Linux), kebo ileile, /dev/ttyUSB0, jina ambalo kifaa kingeonekana kwalo, haipo. Fundi mmoja kaniambia Linux haina draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, niandike mwenyewe. C ya chuoni ninayo kidogo. Nianzie wapi? Mwanafunzi, Luchelele.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi unayoifanya ni kubwa. Oksijeni ikishuka alfajiri, samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia, na mfugaji asiyepima hujua asubuhi wakiwa wameshaelea. Lakini draiva usiandike kwanza. Naamini unayo tayari.

Chomoa kifaa, fungua terminali, andika sudo dmesg -w, halafu chomeka huku macho yako yakiwa kwenye skrini. Mistari inayoteremka ni keneli yenyewe, kiini cha Linux, inaeleza inachokutana nacho. (Wasomaji wengine: usipoona hata mstari mmoja, badilisha kebo. Nyingi zinazouzwa mitaani ni za kuchajia tu, nyaya za data hazimo.)

Tafuta idVendor na idProduct. Hata amri ya lsusb itakuonyesha. Bodi nyingi za bei nafuu huwa na 1a86:7523. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji, WCH wa Nanjing, China. Ya pili ni chipu yake ya CH340. Draiva ya USB ya namna hii hubeba orodha ya namba za vifaa inavyovijua, na keneli hulinganisha kila unapochomeka kitu. Draiva ya chipu hii inaitwa ch341, na Ubuntu inakuja nayo. Kwa hiyo utaona ch341 imekipokea kifaa na kukipa jina ttyUSB0. Watu wengi huacha kusoma hapo. Wewe endelea. Kama ni tatizo ninalolishuku, punde litatokea neno brltty, na mara hiyohiyo ch341 itasema kifaa kimeondolewa kwenye ttyUSB0. Ukija kukitafuta kwa ls, kimeshakwenda.

Brltty ni programu inayowawezesha wasioona kusoma kompyuta kwa nukta nundu. Ipo mashine ya nukta nundu yenye chipu hiyohiyo na namba hizohizo, basi brltty ikiziona inadhani mashine yake imefika, inaichukua. Dawa inayotajwa sana ni sudo apt remove brltty, na inaponya kweli. Ila kama laptopu ni ya maabara ya chuo, au nyumbani kuna mtu asiyeona anayeitumia, nakuomba usimfungie mlango. Nakili faili 85-brltty.rules, yenye kanuni za vifaa ambavyo brltty huvichukua, kutoka /usr/lib/udev/rules.d, iweke /etc/udev/rules.d kwa jina lilelile. Kwenye nakala hiyo tafuta mstari wenye 1a86/7523, weka alama ya # mwanzoni mwake, kisha sudo udevadm control --reload. Chomoa, chomeka upya. Nakala ya /etc ndiyo itakayofuatwa hata Ubuntu ikijisasisha.

Ukikataliwa ruhusa ya kufungua ttyUSB0, jiongeze kwenye kundi la dialout, la watumiaji wenye ruhusa hiyo, toka, uingie tena.

Na kama lsusb itakupa namba nyingine kabisa, ilhali chipu ni ya familia ileile? Washa moduli ya draiva kwa sudo modprobe ch341, kisha ukiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) andika namba zako mbili, nafasi katikati, ndani ya /sys/bus/usb-serial/drivers/ch341-uart/new_id. Kikifanya kazi, umepata kiraka chako cha kwanza, yaani badiliko la msimbo la kuwapelekea watunzaji wa keneli: mstari mmoja kwenye jedwali la faili drivers/usb/serial/ch341.c. Programu ndogo scripts/get_maintainer.pl, iliyomo kwenye msimbo wa keneli, itakutajia wa kumtumia kwa barua pepe. Weka mstari wa Signed-off-by na jina lako, kuthibitisha kuwa una haki ya kutoa msimbo huo. Ningefurahi mno kuuona mstari ulioandikwa Luchelele ukiingia kwenye keneli inayotumika dunia nzima, na sioni kinachozuia.

Hamu ya kuandika draiva nzima usiizime. Pakua msimbo wa keneli, fungua drivers/iio/chemical, soma atlas-sensor.c. Hiyo inahudumia sensa za maji, pamoja na ya oksijeni, zinazounganishwa moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi bila Arduino katikati. Fuatilia namba inavyotoka kwenye sensa hadi inamfikia mtumiaji. Utajifunza mengi kuliko kwenye mhadhara. Moduli zako za kwanza zijaribie ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, usiguse laptopu yenye vipimo vya mjomba, maana kosa moja ndani ya keneli huweza kuangusha kompyuta nzima. Ukishachomeka, nitumie mistari ya dmesg yote kama ilivyo, usiifupishe.