Vanishi ya boti kwenye sakafu ya chumbani? Hapana jamani

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nipo Chake Chake, chumba cha juu nimetandika mbao za msaji na sasa imebaki kupaka tu. Fundi wangu anataka kupiga vanishi ya boti koti tano, anasema haipitishi maji wala hewa na mbao hazitocheza tena. Shemeji anasema nipake mafuta. Nimfate nani?

JIBU: Waaleikum salaam dada'ngu. Mfate shemeji, au kama moyo wako uko kwenye vanishi basi iwe ile ya sakafu, ila huyo fundi na kopo lake la boti mwambie asubiri kwanza. Hili jambo nshalieleza mpaka ulimi umeota sugu.

Watu wanaona kitu kinachostahimili bahari hakiwezi kushindwa na chumba cha kulala, na hapo ndo tunapopotea. Vanishi ya boti imefanywa laini makusudi, maana mlingoti unapigwa na jua na unapinda na upepo, vanishi ngumu ingepasuka mara moja, kwa hivyo wanaizidishia mafuta ili inyumbuke na wanaitia dawa ya kuzuia jua. Sasa chumbani kwako kuna jua gani? Na mlingoti nani anaukanyaga? Sakafu inataka kitu kigumu, ukivuta kitanda juu ya vanishi ya boti kinaacha njia, na siku za joto ukipita miguu mitupu unahisi umekanyaga halua. Halafu hao watu wa bahari wenyewe, majahazi yetu toka zamani yakipakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini shahamu na chokaa. Mafuta hayo, si vanishi.

Lakini lililonikera zaidi ni hilo la "hazitocheza tena". Hakuna vanishi duniani inayozuia mbao kucheza, yaani kuvimba na kusinyaa. Mvuke unapita kwenye vanishi yoyote, unacheleweshwa tu. Mbao ikikaa sana kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, na kwetu masika hilo la kawaida, inatulia na maji kama asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu, hewa ikikauka inasinyaa tena, upake koti tano upake kumi. Kinachokuokoa ni mbao kukaa humo humo chumbani wiki kadhaa kabla ya kupigwa misumari, na kuacha nafasi ya milimita 10 hivi pembeni mwa ukuta, ile inayofichwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Hukusema kama iliachwa, katizame leo. Na kama mbao ziliingia mbichi usizipake kitu mpaka zikauke, maana maji yatatafuta pa kutokea na utaona vanishi inabanduka au inavimba malengelenge.

Mimi kwa chumba ningechukua mafuta ya nta ya sakafu. Yanaingia ndani ya mbao, pakichubuka unapiga msasa pale pale na kupaka tena, vanishi ukiijaribu hivyo kiraka kinaonekana toka mlangoni. Kazi yake ni kuwa pale panapopitwa sana utarudia rudia. Huna subira hiyo? Chukua poliyuretheni, ndo hiyo vanishi ngumu ya sakafu, koti tatu nyembamba, siku nzima au zaidi kati ya koti na koti kama kuna mvua, katikati msasa mwepesi namba 220. Nyembamba nasema, maana poliyuretheni ile ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa, ukiimwaga nene juu inafanya utando na chini inabaki mbichi. Na msaji una mafuta yake mwenyewe, uufute kwa asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwanza kisha upake siku hiyo hiyo, la sivyo vanishi inagoma kushika.

Sasa hawa mafundi wa njia ya mkato. Wapo wanaopiga laka ya makabati sakafuni, kwa nini, kwa sababu inakauka kwa nusu saa na jioni ashachukua pesa yake keshaondoka, wewe unabaki na sakafu inayochubuliwa na mchanga wa kwenye nyayo. Wapo wanaokwambia msasa hauna haja, koti itaficha, wakati vanishi ndo inazidi kuonesha kila mkwaruzo. Na wale wa oili chafu ya gari eti dawa ya mchwa, hiyo ikishaingia kwenye mbao hakuna kitu kitakachoshika juu yake, na watoto wanalala hapo hapo chini.

Ukichagua mafuta kuna jambo moja dogo linalounguza nyumba kweli. Mengi yana mafuta ya kitani ndani, na tambara lililolowa mafuta hayo likikunjwa na kutupwa pembeni linajipasha moto lenyewe mpaka linawaka, bila kiberiti. Linatandazwa nje moja moja likauke au linatiwa kwenye ndoo ya maji. Kwa hivyo fundi akimaliza muulize matambara kayaweka wapi, akisema kayafunga kwenye mfuko kayatia chini ya ngazi, shuka mwenyewe ukayatoe.