Kocha wa alfajiri, karani wa mchana
Maswali ya wasomaji: afya na mazoezi

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni karani wa ghala Shimanzi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nimefanya jimu miaka sita na majirani wanataka niwafundishe kwa malipo. Nianzeje nisipoteze kazi, na nichukue wateja wangapi? – Karani, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Kabla hujanunua hata mkeka, soma mkataba wako wa ajira. Mingi ina kifungu kinachokataza kazi nyingine ya malipo bila idhini. Ukikikuta, andika barua fupi: kazi gani, saa gani, na kwamba haitagusa muda wala vifaa vya kampuni. Jibu lije kwa maandishi, maana "bosi alisema sawa" hufa siku bosi akihamishwa. Ukiwa na ruhusa ya ugonjwa, usionekane ufukweni ukimhesabia mtu pushapu. Hapo hata idhini haitakuokoa.

Miaka sita ya vyuma imekufunza mwili wako, si mwili wa mama wa miaka hamsini mwenye presha. Anza na mafunzo ya huduma ya kwanza, hasa namna ya kumbonyeza kifua mtu aliyesimama moyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance huyatoa. Kisha tafuta cheti cha ukocha. Vile vya ACE na NASM vya Marekani hudai cheti hicho cha huduma ya kwanza, na huhuishwa kila miaka 2.

Wateja watatu, mara mbili kwa wiki, basi. Vipindi vinne viweke Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa watu wa Nyali au Kisauni penyewe, upate kuoga na kuvuka daraja mapema. Viwili vya Jumamosi. Jioni iache: ukitoka Shimanzi na foleni ile, utafika kwa mteja umebaki kuhesabu tu. Wa Likoni naye awe wa Jumamosi. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini asubuhi ya kazi huwezi kuahidi dakika.

Ukitaka kufundishia ufukweni, Nyali au Bamburi, soma maji kwanza. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, halafu kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo saa ile ile uliyoona uwanja mpana wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, wiki ifuatayo utakuta ukanda mwembamba wenye mteremko. Kumkimbiza mtu kwenye mteremko, mguu mmoja juu mwingine chini, ni kumtafutia maumivu ya goti na nyonga. Siku hizo hamia Mama Ngina, chini imara.

Kabla ya kipindi cha kwanza, mteja ajaze fomu ya PAR-Q+ yenye maswali 7: moyo na presha, maumivu ya kifua, kizunguzungu, maradhi sugu, dawa, viungo, na kama daktari amemwekea masharti. Mpime presha akiwa ameketi dakika 5. Ikiwa 160/90 au zaidi, aende kwa daktari kwanza. Anayemeza atenolol, dawa ya presha, usimpime kwa mapigo ya moyo, dawa huyazuia kupanda, msikilize anavyosema. Akimudu sentensi nzima lakini hawezi kuimba, kasi inatosha. Fomu hizo zifungie: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Siku hiyo ya kwanza: kuketi na kuinuka kitini mara 10, pushapu za ukutani 10, kuvuta mkanda wa mpira 10, kutembea dakika 5. Raundi 2. Kosa la makocha wapya ni kumchosha mtu hadi atetemeke ili aone thamani ya pesa yake. Misuli isiyozoea ikiumia kupita kiasi humwaga protini kwenye damu, figo zikalemewa, na mkojo ukatoka rangi ya chai ya mkandaa. Huyo apelekwe hospitali mara moja, usimwambie akapumzike.

Vifaa si vingi: mikeka 2, mikanda ya mpira ya kuvuta 3 ya nguvu tofauti, kipima presha cha mkono wa juu. Dambeli? Mtungi wa lita 5 uliojaa maji ni kilo 5.

Bei sasa. Tuseme unatoza 1,000. Ondoa 200 za bodaboda na 50 za vifaa, zabaki 750, na kipindi cha saa moja kimekula saa mbili pamoja na safari: 375 kwa saa. Ukiona ndogo, waunganishe majirani wawili kwa 700 kila mmoja, ufike 575, badala ya kutafuta mteja wa nne. Pesa zipokee kwa Pochi la Biashara ya M-Pesa zisichanganyike na za unga. Ritani ya KRA, kabla ya Juni 30, iwe na mapato haya pia. Fomu ya P9 ya mwajiri, ya mshahara na kodi aliyokukata, haiyajui.

SWALI: Nafundisha wanawake majumbani, Mji wa Kale. Ramadhani niwapumzishe? – Bi. Mazoezi

JIBU: Hapana, dada, punguza tu. Dakika 30 zinazoishia karibu na adhana ya magharibi, au baada ya tarawehe. Seti nusu, kukimbia hakuna. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge wasikilize daktari wao kwanza, na tende ziwe karibu: mtu akianza kutetemeka na jasho baridi, afungue.

SWALI: Mteja ananiahirisha usiku wa manane kila wiki. Nifanyeje? – Tudor

JIBU: Muuzie vipindi 8 kwa mkupuo, alipe mwanzo, vitumike ndani ya wiki 5. Akighairi chini ya saa 12 kabla, kimehesabiwa. Mwandikie hayo kwenye ujumbe kabla hajalipa, na wewe ukichelewa au ukighairi, mpe kimoja bure.