Kumpima mzee kumbukumbu bila kumsaidia kujibu

Wauguzi wengi tuliolelewa Afrika Mashariki na sasa tunafanya kazi katika nyumba za kulelea wazee nchini Marekani tunasifiwa kwa namna tunavyojua kuzungumza na wazee, lakini sifa hiyo hiyo hutuponza tunapopima kumbukumbu ya muda mfupi. Tangu utotoni tumefunzwa kwamba mtu mzima akikwama katika maneno yake, mdogo humsitiri kwa kumtolea neno kimyakimya ili asiaibike mbele za watu. Adabu hiyo ni njema mezani na barazani. Katika kipimo huzaa alama za uongo, na mwenye kuumizwa na alama hizo ni mzee mwenyewe.

Kipimo ninachokizungumzia ni mahojiano mafupi yajulikanayo kwa herufi BIMS (Brief Interview for Mental Status, yaani mahojiano mafupi ya hali ya akili), ambayo yaliingizwa katika MDS 3.0, fomu ya serikali ya kutathmini wakazi, iliyoanza kutumika Oktoba 2010 katika nyumba za wazee zinazolipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya kugharamia matibabu. Mkazi hutajiwa maneno matatu, yaani soksi, buluu na kitanda, akaombwa ayarudie. Kisha huulizwa mwaka, mwezi na siku ya juma. Halafu hurudishwa nyuma aseme yale maneno matatu yalikuwa yapi. Alama zote ni 15. Anayepata 13 au zaidi huhesabiwa kuwa akili yake iko sawa, 8 hadi 12 ni upungufu wa wastani, na 7 kushuka chini ni upungufu mkubwa. Maswali ya tarehe yaliyo katikati hupima kama mtu anajua yuko katika wakati gani, na papo hapo huishughulisha akili yake ili yale maneno yasiendelee kuchezacheza mdomoni.

Msaada tunaoutoa mara nyingi hatuuoni. Nimewatazama wenzangu wakifanya mahojiano haya kando ya kitanda, na mzee anapolitafuta neno la tatu, mkono wa muuguzi huanza kupapasa godoro, au macho yake hushuka kwenye soksi za mzee na kutulia hapo. Wengine hufungua midomo kana kwamba wanaianza silabi ya kwanza. Kwa hiyo mimi hushauri uketi kwenye kiti, mikono ikiwa juu ya karatasi, na unyamaze. Kwa maswali ya mahojiano haya mzee hupewa hadi sekunde 30 za kujibu, nazo ni ndefu kuliko unavyodhani; katika kukumbuka yale maneno hupewa sekunde 5 kwa kila neno, ndipo unamtajia kidokezo kilichoandikwa na si kingine: kitu cha kuvaa, rangi, samani.

Heshima yako iweke kabla ya swali la kwanza. Vyumba vingi hulala watu wawili, basi vuta pazia au, bora zaidi, mpeleke mahali pa faragha, zima televisheni, hakikisha miwani iko usoni na kifaa cha kusikilizia kina betri. Mwambie kwamba maswali haya huulizwa kila mkazi na kwamba mengine ni mepesi na mengine ni magumu. Epuka saa za jioni kwa wale ambao akili huwachafuka jua linapotua. Tena tuikumbuke lafudhi yetu, kwa kuwa sisi tuliokulia Kiswahili hupenda kuongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza, na mzee mwenye masikio mazito anaweza kulirudia neno vibaya kwa sababu hakulipata, si kwa sababu amelisahau.

Mwalimu mmoja mstaafu, nilipomwuliza siku ya juma, alinijibu huku akicheka kwamba kwake yeye kila siku ni Jumapili. Jibu la namna hiyo hutufanya tucheke naye na kupita, ilhali mizaha ni ngao ya watu wengi waliozoea kuwa werevu. Cheka, kisha mwambie kwa upole kwamba ungependa kujua kama anaweza kulijibu bila msaada wako, na akishindwa andika kuwa ameshindwa.

Jamaa za wakazi nao hupinga matokeo wakisema kwamba baba yao anakumbuka hata majina ya wanajeshi wenzake wa ujanani. Ni kweli anawakumbuka, kwa kuwa kumbukumbu za zamani huweza kudumu wakati ambapo mambo ya asubuhi hayakai kabisa.

Linalonitisha zaidi ni alama kuporomoka ghafla. Mtu aliyekuwa na 14 akapata 7 ndani ya siku chache, akawa hawezi kufuatilia mazungumzo, anasinzia na kuzinduka, huyo hajazeeka juma hili. Mwite daktari, angalia kama ana maambukizi, kama amekosa maji mwilini, kama ana maumivu au choo kimefunga, na pitia dawa mpya zote, ikiwemo diphenhydramine inayouzwa bila cheti kwa ajili ya usingizi na mafua.

Asiyeweza kukamilisha mahojiano huandikiwa namba 99 badala ya alama, na hapo huulizwa wanaomhudumia kila siku: je, baada ya dakika 5 anaonekana kukumbuka jambo, anajua majira ya mwaka, kilipo chumba chake, sura za wahudumu, na kwamba yuko katika nyumba ya wazee? Waulize wa zamu zote, hasa wahudumu wa usiku, ambao huona mengi na huulizwa machache.

Mwisho, usiangalie jumla peke yake. Neno lililokumbukwa bila kidokezo lina alama 2, lililokuja kwa kidokezo lina alama 1. Mzee anayekumbuka kwa kidokezo mara nyingi husaidiwa na picha ya choo mlangoni, jina lake lililoandikwa kwa herufi kubwa, na nguo za kesho kuwekwa mahali anapoziona. Ambaye hata kidokezo hakimrudishii neno, aelekezwe upya kila mara kwa sauti ile ile, na wahudumu waandikiwe katika mpango wake wa matunzo kwamba wasimwulize kama amesahau alichoambiwa.