Siki yenyewe, na uiache ilale usiku kucha

Wiki hii mmeuliza tunatumia njia gani za nyumbani kusafisha na kutunza choo. Mimi ni siki, ila siki yenyewe, sio ile ya kuchanganya na bekingi soda hadi iumuke povu kama watu wanavyoelekezana. Lile povu linafurahisha macho tu jamani, siki ni asidi na bekingi soda inaua asidi, zikikutana unabaki na maji yenye chumvichumvi na gesi inayopotea hewani. Na ule ukoko wa njano kwenye mstari wa maji kwa kawaida ni chokaa ya maji magumu, kinachoiyeyusha ni asidi.

Sasa kuna hatua wengi wanairuka. Yale maji yaliyotuama ndani ya choo yapunguze kwanza, yasukume na brashi yaingie shimoni au mwaga ndoo ya maji kwa mpigo mmoja, yakishuka ndo umimine siki, la sivyo unaizimua bure. Kule chini ya ukingo ambako siki haikai, lowanisha tishu na siki uibandike kuzunguka kote, fanya usiku watu wakishalala, asubuhi zitoe uzitupe kwenye pipa (usiziflashi zote, choo kitaziba) halafu sugua. Ukoko wa miaka mingi hautoki mara moja, rudia tu. Maji yanayochemka usimwage, kauri inaweza kupasuka.

Na nawaomba sana, hasa wenye watoto, siki isikutane na dawa yoyote yenye klorini. Inatoka gesi ya sumu inayochoma mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vyumba vidogo havina hewa. Siku ya siki iwe ya siki tu.

Bekingi soda nainyunyiza sakafuni pembeni ya choo kukata harufu, basi.

Kingine, ukoko ukirudi harakaharaka angalia tangi, maana maji yakivuja kidogokidogo muda wote yanaleta chokaa mpya. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, kaa nusu saa bila mtu kuflashi, ukiona rangi imeshuka chooni jua ule mpira wa chini haufungi. Mara nyingine una uchafu tu, ufute. Ukiwa umekakamaa badilisha, na vile vidonge vya klorini vya kutumbukiza tangini acha kabisa, ndivyo vinavyoula.